Kabla hujatoboa boya la zamani ulifanye hereni

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua hii ni ndefu ila naomba usiikate sana maana jambo lenyewe halielezeki kwa mistari mitatu. Mimi ni fundi mbao hapa Moshi, kazi yangu kukereza miguu ya meza na nguzo za vitanda, na nikipata nafasi nashuka Nyumba ya Mungu na fimbo yangu kuvua perege. Kwa hiyo mbao nazijua na maji nayajua, ndo maana hili jambo limenikaa rohoni.

Siku hizi kwenye maduka ya zawadi za watalii, hapa Moshi na Arusha pia, nimeanza kuona maboya ya zamani ya kuvulia yale ya Uingereza, madogo marefu yamepakwa nyekundu na nyeupe na kijani, watu wameyatoboa wakaweka kulabu za hereni, mengine yamegeuzwa vishikio vya funguo. Yanatoka kwenye mitumba na kwenye makabati ya nyumba za zamani za mashambani, mwenye nyumba akifariki vitu vinauzwa kwa jumla, kiboksi cha ndoano na maboya kinaenda pamoja na masufuria. Sigombani na mtu anayetafuta riziki, kila mmoja anahangaika. Ila jamani kabla hujatoboa ujue unatoboa nini, kwa sababu mengi ya hayo yalitengenezwa kwa mkono na fundi aliyekuwa anajua hesabu ya maji vizuri sana, na ukishalitoboa maji yanaingia ndani, halirudi tena kuwa boya.

Wengi wanadhani kazi ya boya ni kuelea, likizama basi kuna samaki. Kuelea hata kijiti kinaelea. Boya la ndoano linashikilia chambo kwenye kina unachotaka wewe, linakupa uzito wa kurusha mbali, alafu la tatu ambalo ndo roho ya jambo zima, linapima. Linapima mguso wa mdomo wa samaki ambaye humuoni, na jibu linakuletea juu ya maji macho yako yanapofika. Boya ni mizani, na ukishalielewa hivo basi kila umbo la ajabu unaloliona kwenye maboya ya zamani linaanza kujieleza lenyewe, kwa nini hili ni jembamba, kwa nini lile limeshiba juu, kwa nini lingine lina tumbo chini.

Nianze na ninalolipenda kuliko yote, la mwiba wa nungunungu. Ninalo moja hapa kwenye meza ya kazi ninavyoandika. Ni mwiba mmoja tu, urefu kama kalamu, mwembamba ncha zote mbili na katikati umenenepa kidogo, una michirizi myeusi na myeupe ya kuzaliwa nayo. Ukiutazama pale ulipokatwa, ganda la nje ni gumu na linateleza, maji hayaingii, na ndani kumejaa kitu cheupe kama sponji kavu, hewa tupu. Fundi aliyelitengeneza hakuongeza kitu isipokuwa kijipete kidogo cha waya mwembamba chini, kimefungwa kwa uzi wa hariri, uzi umezungushwa safu kwa safu bila kupandana alafu ukapakwa vanishi, na juu kuna pete ya mpira wa kubana mshipi. Basi. Hakuna gundi inayoonekana, hakuna mshono, na mpaka leo ukiliweka majini linasimama wima. Uingereza waliyatumia sana haya, na miiba mingi ilikuwa inatoka Afrika na India maana nungunungu wao hawana. Huku kwetu nungunungu wapo mpaka kwenye mashamba ya mahindi, ila nitoe angalizo hapa hapa, usikimbilie porini kutafuta miiba, kwa sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 kiungo chochote cha mnyamapori ni nyara na huruhusiwi kuwa nacho bila kibali. Yale ya zamani ukiyapata yahifadhi vizuri, yakiisha hayapo tena.

Sasa kwa nini mwembamba? Hapa naomba walimu wa fizikia mnisikilize. Kitu kinachoelea kinasukuma pembeni maji yenye uzito sawa na uzito wake, hiyo ni kanuni ya Archimedes, wanafunzi wa kidato cha kwanza wote wanaisoma. Mvuvi anaongeza punje za risasi, ile metali nzito, kwenye mshipi mpaka boya lizame lote ibaki ncha tu juu. Tuseme ncha ina unene wa milimita 2. Samaki akija akaongeza uzito wa gramu 0.1 tu, yani kitu ambacho mkononi huwezi hata kukihisi, boya litazama mpaka liwe limesukuma pembeni sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo ya maji, na kwa ncha nyembamba vile inabidi lishuke sentimita 3 na kidogo. Sentimita tatu unaziona hata ukiwa umekaa mbali. Chukua sasa boya nene la sentimita 3, mguso ule ule wa gramu 0.1 unalishusha milimita 0.14, hapo hata uwe na macho ya tai huoni kitu, perege ameshakula chambo kaenda zake na wewe unasema bwawa halina samaki. Hesabu yote ni hiyo. Wembamba ndo unaokuza mguso mdogo ukaonekana.

Na kama mtu anadhani hayo ni mambo ya wazungu kujifurahisha, aende asubuhi pale wafugaji wanapopeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Mpokeaji anatumbukiza kile kipima maziwa cha kioo, laktomita, chini kina tumbo lenye uzito na juu kina shingo nyembamba yenye namba. Maziwa halisi ni mazito kuliko maji kwa kiasi kidogo sana, lita moja ina kilo 1.026 mpaka 1.032 hivi, ukiongeza maji kile kioo kinazama zaidi na mchezo wako unajulikana. Tofauti ndogo hivo inaonekana kwa sababu shingo ni nyembamba. Ni boya lile lile. Fundi wa betri za magari naye anacho cha kwake cha kupimia asidi, ni ndugu wa tumbo moja.

Umri wa haya mambo nao ni mkubwa. Kuna maelekezo ya uvuvi yalichapwa Uingereza mwaka 1496 yanayosema utengeneze boya kwa kizibo safi kisicho na matundu, ukitoboe kwa chuma chembamba cha moto, upitishe humo kikonyo cha unyoya. Alafu wanapanga ukubwa kwa mshipi, enzi hizo mshipi ulisokotwa kwa nywele za mkia wa farasi, kwa hiyo mshipi wa unywele mmoja boya lisizidi punje ya njegere, wa nywele mbili liwe kama haragwe, wa nywele 12 liwe kama tunda la jozi. Miaka zaidi ya 500 imepita na kanuni haijabadilika, boya liendane na mshipi na risasi, usiweke dude kubwa kwenye uzi wa samaki mdogo.

Kizibo chenyewe ninachosema ni gome la mti wa jamii ya mwaloni unaoota Ureno na Hispania, ndo wanalotengenezea vizibo vya chupa za mvinyo. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 0.2 hivi, kwa hiyo inaweza kubeba gramu 0.8 nyingine kabla haijazama. Inaelea miaka na miaka kwa sababu gome lile limeundwa na vijumba vidogo sana vilivyozibwa kila upande, hewa haitoki na maji hayaingii. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, aliyaangalia hayo kwa hadubini akayaandika mwaka 1665, na jina la seli wanalosoma watoto kwenye bailojia lilianzia kwenye kipande cha kizibo.

Kwa kizibo ndo walitengeneza maboya makubwa ya kuvulia paiki, samaki wa Ulaya mrefu mwenye meno, anakula samaki wenzake. Boya lake ni umbo la yai, na fundi aliyelibuni alikuwa na akili ya vitendo maana alilichana ufa mmoja kutoka ubavuni mpaka katikati. Mshipi unauingiza kwa ubavu, alafu unagongea kijiti cha mbao kinaziba na kubana. Faida yake huhitaji kufungua ndoano wala kukata mshipi, ukitaka kubadilisha kina au kuweka boya kubwa zaidi unachomoa kijiti dakika hiyo hiyo ukiwa kwenye boti na vidole vimeganda kwa baridi. Ila lina kasoro na ni haki kuisema. Yai la sentimita 50 za ujazo lina uzito kama gramu 10 na maji linayosukuma likizama ni gramu 50, kwa hiyo lina nguvu ya kama gramu 40 ya kupanda juu, na kama hukulijazia risasi za kutosha samaki anapolivuta anaihisi nguvu yote ile mdomoni, paiki akihisi hivo anatema. Wengine waliongeza viboya vidogo vya mviringo juu ya mshipi, kimoja au viwili, vinatangulia boya kubwa. Vile havipimi uzito, kazi yake kuushikilia mshipi usizame ukajiviringisha kwenye chambo, na samaki akiondoka vinakuonyesha ameelekea upande gani.

La ajabu kuliko yote ni lile la maji ya Norfolk, mashariki ya England, wanaliita trimmer. Kwa kweli nilipolielewa lile sikulala vizuri. Ni kisahani cha mbao au kizibo, upande mmoja mwekundu upande mwingine mweupe, ukingoni kimechongwa mfereji kuzunguka na katikati kina kijiti kimepita. Mshipi wote wa akiba unazungushwa kwenye ule mfereji, mwisho wake unapitishwa kwenye ufa wa kijiti cha katikati alafu unashuka majini na chambo. Kisahani unakiacha kielee chenyewe, upepo unakisukuma taratibu kando ya matete, wewe umekaa kwenye boti mbali. Paiki akichukua chambo anavuta, mvuto unafika kwenye kijiti, kisahani kinapinduka. Pale pale rangi inabadilika, ile iliyokuwa chini sasa iko juu, utaiona hata mbali sana. Na kwenye kupinduka ule mshipi unachomoka kwenye kijiti na kuanza kujifungua kutoka kwenye mfereji, samaki anaondoka nao bila kuhisi uzito wowote wa kumtisha. Angalia hapo, kipande kimoja cha mbao ni boya, ni kengele, na ni kibiringo cha uzi, bila springi wala msumari. Sasa hivi England kutega mishipi na kuiacha bila mtu hairuhusiwi, na mimi naunga mkono, samaki anameza ndoano mpaka tumboni wakati mwenye mshipi yuko mbali, ni mateso. Lakini akili iliyotumika pale inastahili kuonyeshwa watoto. Mimi nimekereza kimoja cha mfano kwa mbao ya mgrevilea, si cha kuvulia, cha kuonyesha tu kwenye beseni, ukivuta uzi kinapinduka vizuri kabisa.

Alafu kuna boya la kuteleza. Hili nalileta kwa sababu lina faida ya leo kwa wanaovua kwenye maji yenye kina kirefu kinachoanza ghafla ukingoni kama Ziwa Chala. Boya la kawaida limebanwa kwenye mshipi, kwa hiyo kina unachoweza kuvua hakizidi sana urefu wa fimbo yako, kwani ukitaka kuvua mita 6 na fimbo yako ni mita 4, boya litagonga kwenye ncha ya fimbo wakati wa kurusha na wakati wa kumvuta samaki. Wavuvi wa Nottingham, kule England, wakaliachia boya, mshipi ukawa unapita kwenye kijipete unateleza wenyewe, na juu pale penye kina unachotaka wakafunga kifundo kidogo cha uzi. Ukirusha, boya liko chini karibu na risasi, kifundo kiko ndani ya kibiringo hakisumbui. Likitua risasi zinauvuta mshipi kupita kwenye pete, chambo kinashuka, kinashuka, mpaka kifundo kifike kwenye pete kishindwe kupita, hapo boya linasimama na wewe unajua chambo kiko mita 6 kamili. Kifundo cha uzi wa cherehani kinatosha, nimejaribu, hakuna cha kununua.

Yale yenye tumbo juu na mkia mwembamba chini yalikuwa ya mtoni, mengine yanaitwa kwa jina la mto Avon. Kwenye maji yanayokimbia ukilishikilia boya kwa nyuma mkondo unalisumbua, likiwa limeshiba juu linatulia. Yenye tumbo chini na antena ndefu ni ya maji yaliyotulia na yenye upepo, unayafunga kwa upande wa chini tu, mshipi wote unazama chini ya uso wa maji hivo upepo hauna pa kuushikia. Anayevua Nyumba ya Mungu mchana upepo ukishaanza kuvuma ananielewa. Ukifunga juu na chini kama tulivyozoea wengi, upepo unausukuma mshipi, mshipi unaliburuta boya, na chambo kinaogelea kama samaki mgonjwa, perege hakigusi.

Mengine yana risasi au shaba imefungiwa ndani chini kabisa, yanasimama yenyewe bila kuwekewa uzito kwenye mshipi, chambo kinazama polepole kama kitu kilichodondoka majini chenyewe. Na kuna namna moja ya kuvua ambayo jibu linakuja kinyume, unaweka punje ya risasi karibu kabisa na ndoano, ikalala chini, samaki anayekula chini akiinua chambo anainua na ile risasi, boya linakosa mzigo linapanda juu na kulala chali. Mtu asiyejua anasubiri lizame. Mizani inasema mzigo umepungua, ni taarifa sawa sawa na mzigo kuongezeka.

Ya nyavu nayo siwezi kuyaacha, hasa ya kioo. Norway kwenye miaka ya 1840 walianza kupuliza mipira ya kioo ya kubeba nyavu kwenye uvuvi wao mkubwa wa visiwa vya Lofoten, kwa kuwa mbao inanyonya maji mwisho inazama na kizibo ni cha kuagiza kutoka mbali. Japani nao wakaanza kwenye 1910 hivi, mengi ya kijani maana waliyeyusha chupa zilizotumika. Fundi anapuliza mpira, anaukata kwenye bomba, tundu lililobaki analiziba kwa tone la kioo cha moto, ukilipapasa unakuta lile kovu kama kifungo. Mpira wa kipenyo cha sentimita 30 unasukuma lita 14 hivi za maji, kwa hiyo toa uzito wa kioo chenyewe, kinachobaki chote kinabeba nyavu. Walivifunika na kamba iliyosukwa ili visigongane vikapasuka. Yaliyokatika kwenye nyavu yalielea kuvuka Pasifiki na mpaka leo watu wanayaokota kwenye fukwe za Alaska na Oregon. Na kuna mengine yana maji ndani ingawa hayana ufa unaoonekana, nyavu ziliyavuta chini sana, kila mita 10 ya kina inaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, maji yakasukumwa kupita kwenye kijitundu kidogo ambacho jicho halikioni, yakaingia na hayakutoka tena.

Nimeyasema ya mbali kwa sababu ndo yanayotobolewa madukani, lakini yetu yanapotea haraka zaidi na hayana hata wa kuyanunua. Wavuvi wa Nyumba ya Mungu, tangu bwawa lile lilipojengwa kwenye miaka ya 1960 pale Ruvu na Kikuletwa zinapokutana, wamekuwa wakijichongea maboya yao. Kandambili iliyochakaa inakatwa vipande, sponji ile ina hewa iliyofungiwa kama vile vijumba vya kizibo nilivyosema, inaelea hata ukiichana katikati. Chupa za plastiki na madumu zinabeba nyavu. Kabla ya plastiki maziwa ya Afrika yalitumia mabua ya mafunjo yaliyokauka, na ule mti wa ambachi unaoota majini, mbao yake nyepesi mno kiasi kwamba kule Baringo, Kenya, wanaunganisha magogo yake kuwa mtumbwi na mtu mmoja anaubeba. Nimeshaona mzee mmoja bwawani anakata kandambili kwa kisu, anachonga umbo jembamba chini na ncha juu, anapitisha mwiba wa mti katikati, anajaribu majini, anapunguza kidogo, anajaribu tena mpaka ibaki ncha tu. Hakuna aliyemfundisha kanuni ya Archimedes. Umbo alilolifikia ni lile la 1496, kitu chepesi kimechomwa mwiba katikati.

Kwa walionunua ya zamani nina mawili ya usalama. Punje za risasi zinazokuja nayo msizibane kwa meno kama wavuvi wengi wanavyofanya, ni sumu, kule England tangu 1987 zile za gramu 0.06 mpaka 28.35 zimepigwa marufuku kwa sababu batamaji walikuwa wanazimeza wanakufa. Rangi za zamani pia nyingi zilikuwa na risasi ndani, kwa hiyo hereni ya boya la zamani usimpe mtoto mdogo aliye kwenye umri wa kutia kila kitu mdomoni, na usilipige msasa ndani ya nyumba. La pili, yale yanayong'aa mepesi kama mpira wa zamani wa tebo tenisi, mengine ni seluloidi, plastiki ya zamani inayoshika moto upesi sana, usiliweke karibu na jiko wala mshumaa, na usijaribu kulitoboa kwa sindano ya moto.

Maombi yangu, Mhariri. Kwa walimu wa fizikia wa Kilimanjaro na Arusha, mnapofika kwenye kuelea msiishie kuchora ubaoni. Mrija mmoja wa juisi, ziba chini kwa nta, tia vijiwe vidogo mpaka usimame kwenye ndoo ya maji. Mrija wa milimita 6 ukiongeza gramu moja unashuka sentimita 3 na nusu. Chupa ya maji ya nusu lita nayo isimamishe hivo hivo kwenye ndoo, ongeza gramu ile ile, haishuki hata nusu milimita. Hakuna mwanafunzi atakayesahau. Kwa wenye maduka, yaliyovunjika fanyeni hereni, mazima wekeni pembeni, kuna watu wanayatafuta na watawalipa vizuri kuliko bei ya hereni. Kwa wanaosimamia makumbusho yetu, tunaonyesha mikuki na ngao na vibuyu, sijaona rafu moja yenye zana za wavuvi wa mabwawa na maziwa ya kaskazini, na wazee waliochonga kandambili za kwanza bado baadhi wako hai, waulizwe sasa.

Na wewe Mhariri, kama gazeti lina mchoraji, mwombe achore kile kisahani cha Norfolk kabla na baada ya kupinduka, maneno peke yake hayatoshi. Wasomaji wa Jipe, wa Babati, wa Kirya, kama nyumbani kwenu kuna boya la mzee limewekwa juu ya kabati, hata liwe la kibuyu au la mafunjo, andikeni kwenye ukurasa huu mtuambie linafungwaje na lilikuwa linavua samaki gani.

Ni mimi msomaji wako wa kila wiki,
Fundi mbao, Pasua, Moshi